Wasomaji Wanauliza: Bruda Diego wa Alcalá

Mtakatifu Diego wa Alcalá hakuwa padre. Basi konventini, yaani katika nyumba ya watawa, alikuwa anafanya nini kutwa nzima?

Alikuwa bruda: alifunga nadhiri kama Wafransisko wenzake, ila hakupewa daraja ya upadre. Alizaliwa karibu na mwaka 1400 huko San Nicolás del Puerto, upande wa Sevilla, Hispania. Ujanani aliishi na mkaapweke, kisha akapokelewa na Ndugu Wadogo, yaani Wafransisko, karibu na Córdoba. Kwa miaka alipokezana kazi ambazo mabruda walizijua vizuri: bustani, mlango na wagonjwa. Usiudharau mlango. Bawabu ndiye aliyepokea wageni na kuwagawia maskini chakula, kwa hiyo watu wa mjini walimjua yeye kabla ya kumjua mhubiri yeyote.

Anayedhani kazi iliwapunguzia mabruda sala, na ahesabu. Kanuni ya Mt. Fransisko ya mwaka 1223 inawapa wasio makleri (mabruda kama Diego) Baba Yetu 24 kwa sala ya usiku, 5 kwa Masifu ya Asubuhi, 7 kwa kila moja ya saa ya kwanza, ya tatu, ya sita na ya tisa, 12 kwa Masifu ya Jioni, na 7 kabla ya kulala. Jumla 76 kwa siku, mbali na kuwaombea marehemu. Kanuni hiyohiyo inawaambia wasiojua kusoma wasihangaike kujifunza.

Mbona imeandikwa kwamba aliwahi kuwa mkuu wa konventi?

Ni kweli, na linatajwa kila mara kwa sababu halikuwa jambo la kawaida. Baada ya Ndugu Elia, bruda aliyekuwa mkuu wa shirika lote, kuondolewa madarakani mwaka 1239, sheria za shirika ziliwafungia mabruda vyeo vya uongozi. Diego alipelekwa Fuerteventura, katika Visiwa vya Kanari, na miaka ya 1440 akafanywa mkuu wa konventi ya huko. Misheni ilikuwa changa na mbali. Alitazamwa mtu anayefaa. Mwaka 1450 alikuwa Roma, Bernardino wa Siena, Mfransisko mwenzake, alipotangazwa mtakatifu. Ndugu walifurika konventi ya Aracoeli mjini humo, maradhi yakaingia, na Diego akabaki kuwauguza.

Je, kweli maiti yake ilipelekwa chumbani kwa mtoto wa mfalme?

Kweli. Diego alifariki Alcalá de Henares tarehe 12 Novemba 1463. Karibu miaka mia baadaye, tarehe 19 Aprili 1562, Don Carlos, mwana wa Mfalme Filipo wa Pili, alianguka ngazini mjini humohumo akaumia kisogoni. Jeraha likaingia uchafu, homa ikapanda, uso ukavimba hadi macho yakafumba. Tarehe 9 Mei ndugu walibeba mwili wa Diego mpaka kitandani pake. Kijana akapona.

Hapa wasimulizi wengi huruka jambo moja. Waganga hawakuwa wamekaa kando. Andreas Vesalius, bingwa wa anatomia, alikuwa miongoni mwao. Siku zilezile fuvu lilikwanguliwa kuangalia kama kuna usaha chini yake, na mganga mmoja kutoka Valencia alikuwa amepaka marhamu zake. Kwa hiyo mwanahistoria hawezi kukuambia ni kipi kilichomponya. Mfalme hakuwa na shaka: alisukuma Roma kesi ya kumtangaza Diego mtakatifu, papa baada ya papa, na haikuzimika hata Don Carlos alipokufa mwaka 1568. Mwishowe Sixtus wa Tano, ambaye naye alikuwa Mfransisko, alimtangaza Diego mtakatifu Julai 1588. Tangu mwaka 1523 hakuna aliyekuwa ametangazwa. Kwa maoni yetu, bila mfalme bawabu huyu angebaki mtakatifu wa Alcalá tu.

Nitaitambuaje picha yake?

Tafuta kanzu ya Kifransisko, kamba kiunoni, na maua ya waridi mapajani: husimuliwa kwamba mikate aliyowachukulia maskini iligeuka waridi alipohojiwa. Lakini waridi peke yake hazitoshi, kwani Elizabeti wa Hungaria anazo pia. Wakati mwingine ameshika msalaba au funguo za mlango. Murillo, mchoraji wa Sevilla, alimchora mwaka 1645 au 1646 kwa ajili ya konventi ya Sevilla: amepiga magoti, mikono imeunganishwa, sufuria kubwa ya chakula mbele yake, watoto na maskini wamemzunguka wakingoja amalize kusali.

Alitumia mafuta ya ndani ya taa ya ibada kuwapaka wagonjwa. Nasi turuhusiwe?

Aliyachota kwenye taa iliyowaka mbele ya picha ya Bikira Maria, na huo ulikuwa uchaji wa watu, si sakramenti. Mpako wa Wagonjwa hutolewa na padre au askofu tu. Tatizo huanza pale mlei anapompaka mgonjwa kwa ishara na maneno ya padre, familia ikaamini mpako umekwisha kutolewa, na padre asiitwe.

Kumbukumbu yake ni tarehe 7, 12 au 13 Novemba?

Zote zipo. Alikufa tarehe 12, lakini kalenda ya zamani siku hiyo ilikuwa na Papa Martini wa Kwanza, akasogezwa hadi 13. Wafransisko humwadhimisha tarehe 7. Tangu mwaka 1969 hayumo katika kalenda ya Kanisa zima, na tarehe 12 sasa ni kumbukumbu ya lazima ya Mt. Yosafati. Parokia ya kawaida ingechagua 13, isipokuwa ikiangukia Dominika, ambayo haiondolewi. Novena, yaani sala ya siku tisa, ianze tarehe 4 na kuisha 12. Wengi huanza tarehe 5, wakaihesabu sikukuu yenyewe kuwa siku ya tisa. Atakayefika Alcalá tarehe 13 aende kanisa kuu la Watakatifu Yusto na Pastori: siku hiyo sanduku lenye mwili wake hufunguliwa watu wauone.