Swali la lugha: Folda ya kugawana au folda ya shirika?

Msomaji wa Chake Chake anayeshughulikia kompyuta za afisi moja ameleta swali. Hesabu za afisi zimo kwenye seva (kompyuta inayozihudumia nyingine) yenye mfumo wa IBM i, ile ambayo wakubwa bado wanaiita AS/400. Wafanyakazi wanatumia Windows, na ipo mashine moja yenye mfumo wa Linux. Ameandika mwongozo wa kufungua faili za seva hiyo kutoka kwenye kompyuta za mezani, akatumia "kushiriki faili". Mkuu wake akalifuta, akaandika "kugawana faili". Anauliza nani kapatia, na kama "seva ya kati" ni jina linaloifaa mashine yenyewe.

Kwa maoni yangu hakuna aliyepatia, ila mkuu amekosea zaidi. Kugawana ni kila mtu kuondoka na fungu lake. Wavuvi wakishagawana samaki, pale mchangani hakibaki kitu. Faili la mtandaoni halitoki kwenye seva. Lipo palepale, na kompyuta ya mezani inalifungua kama kwamba limo ndani yake. Mhasibu akibadilisha tarakimu moja akahifadhi, mwenzake akija kulifungua anaikuta tarakimu mpya. Ikiwa kila afisi inaletewa nakala yake, hiyo ni kazi nyingine, ya FTP (njia ya kusafirisha faili mtandaoni) na mfano wake, na hapo semeni "kupeleka" au "kuhamisha".

Kushiriki nako kuna matata. Ni kitenzi cha mtu anayeingia katika shughuli: tunashiriki maziko, tunashiriki harusi, tunashiriki uchaguzi. Simu ndizo zilizotuzoesha kubonyeza "shiriki" tukiwa na maana ya kumpa mtu mwengine. Msimamizi wa seva hashiriki faili, anawashirikisha watu. Wao ndio wanaoshiriki.

Lakini kwa nini tuhangaike na kitenzi wakati jina tunalo? Unguja na Pemba mtu husema shamba hili ni la shirika, au ng'ombe huyu tumemnunua shirika, mimi na ndugu yangu. Kitu hakikatwi, kilicho kingi ni haki juu yake. Basi hiyo ni folda ya shirika. Tena neno hili linachukua masharti bila taabu, na masharti ndiyo roho ya jambo lenyewe. Kwenye IBM i, sehemu iitwayo NetServer huzifungulia folda kompyuta za Windows kwa itifaki (kanuni za kompyuta kuzungumza) ya SMB, na msimamizi huchagua kama folda ni ya kusoma tu au ya kusoma na kuandika. Juu ya hayo, idhini aliyopewa kila mtumiaji kwenye faili inabaki vilevile: kuiona folda si ruhusa ya kufungua kila kilichomo. Linux inaweza kupita njia hiyohiyo ya SMB, au ikatumia itifaki nyingine, NFS, iliyotoka kwa Sun Microsystems mwaka 1984. Huko folda ya mbali "hupachikwa" mahali fulani, ikaonekana kama imo ndani ya mashine yenyewe. Nimewasikia wanaosema "hupandishwa". Mimi neno hilo silipendi, maana tayari tunapandisha faili kwenye intaneti.

Mwongozo wa msomaji, baada ya kalamu ya mkuu, ulisomeka hivi: "Ili kugawana faili, fungua folda MAHESABU ambayo imegawanywa kwa watumiaji wote." Folda iliyogawanywa ni folda iliyokatwa vipande! Ningeandika: "Fungua folda ya shirika MAHESABU. Kila mtu anaweza kusoma. Anayeandika ni mhasibu tu."

Kuhusu "seva ya kati", hapana. Msomaji atafahamu seva iliyo katikati ya mtandao, na hata kompyuta ndogo inaweza kuwa hiyo. IBM ilipoitoa AS/400 mwaka 1988, ukati wake ulikuwa wa ukubwa: chini ya kompyuta kuu za mabenki, juu ya kompyuta za mezani. Semeni "seva ya daraja la kati".

Mwongozo huo pia unasema seva "hutafsiri lugha ya faili". Hakuna lugha inayotafsiriwa pale. Kwa desturi IBM i huhifadhi matini kwa msimbo wa EBCDIC, ambamo herufi A ni namba 193. Katika ASCII, inayofuatwa na Windows na Linux, A ni 65. Kinachobadilishwa ni msimbo wa herufi, maneno hayaguswi. Msimbo usipobadilishwa, faili zima huonekana vurugu tupu na watu wakadhani limeharibika.

Faili hili au faili hii? Yote yanasemwa. Mimi naandika "hili", kama BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, walivyoliita lao Kamusi la Kiswahili Fasaha.

Mwisho, ameuliza kama folda ya tawi la mjini iandikwe "Ng'ambo" kwa ritifaa, yaani alama ya ('). Windows haina neno. Katika amri za IBM i, njia ya folda hufungwa ndani ya alama hiyohiyo, kwa hiyo ritifaa ya katikati lazima iandikwe mara mbili: '/mahesabu/ng''ambo'. Linux ukiiandika peke yake kwenye amri, inakaa ikingoja ya kufungia. Ndani ya barua andikeni Ng'ambo, na atakayeiacha ritifaa asahihishwe. Kwenye jina la folda wekeni "ngambo", na akija mwalimu wa Kiswahili kulalamika, mleteni kwangu.