Kesi za bandarini kwenda kufundisha sheria ya bahari

Wakili msomi, umeuliza kama hizi kesi za mizigo bandarini zitakubeba ukitaka kufundisha sheria ya bahari chuo. Zitasaidia ila sio kihivyo, maana hati ya shehena na fidia ya kontena ni biashara ya meli, sheria ya bahari yenyewe ni UNCLOS, ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa 1982, mipaka, uvuvi, zile maili 200 za baharini za ukanda wa kiuchumi, na hapo ndo watataka kuona umeandika nini. We anza na Tawariq 1, ile meli ya uvuvi iliyokamatwa 2009, si unawakumbuka samaki wa Magufuli, watu walikumbuka samaki tu ila pale kuna maswali kibao ya mamlaka ya kukamata na kushtaki huko kwenye ukanda wa kiuchumi, toa makala moja ya maana kabla hujaaga ofisini. Kwa masta angalia IMLI, taasisi ya sheria za bahari kule Malta, ipo chini ya IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa. Halafu GPA yako ya digrii ya kwanza ikoje? Vyuo vyetu wanaichungulia hata kama umeshinda kesi mpaka Mahakama ya Rufani. Na leseni ya uwakili endelea kuihuisha, mshahara wa mhadhiri msaidizi sio wa kuutegemea wenyewe na kodi za nyumba za Dar hizi.