Bibi anasema "nimelima tu". Nitaandikaje maisha yake?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Bibi yetu mzaa mama ni mkulima tangu utotoni. Wajukuu tunataka kuandika maisha yake angali na kumbukumbu nzuri, lakini mwaka aliozaliwa haujulikani. Wajomba wanasema ana miaka 90. Nikimwuliza habari za zamani hunijibu, "Mimi nimelima tu, mjukuu wangu, sina cha kusimulia." Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia hapo hapo aliposema amelima. Ukimwambia akueleze maisha yake, unamtaka akusanye miaka yote hiyo kwa pumzi moja. Mwulize shamba la kwanza alipewa na nani, na nani alilifyeka. Nani alimfundisha kushika jembe? Mbegu alizihifadhi vipi zisibunguliwe? Mwaka mvua ilipokatika mimea ikiwa michanga, alikuwa na watoto wangapi nyumbani? Mama yangu naye alikuwa mkulima, na alikuwa mkimya sana, lakini swali la mbegu lilimfanya azungumze hadi jioni. Kumbukumbu zake zilikuwa mikononi.

Hiyo 90 ya wajomba iandike kwa penseli. Wataalamu wa takwimu wanajua kwamba asiye na cheti cha kuzaliwa mara nyingi hutaja umri unaoishia na 0 au 5. Ndiyo maana katika sensa nyingi makarani hupewa kalenda ya matukio: njaa, mafuriko, vita. Fuata njia hiyo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, alikuwa bado wa kubebwa au tayari anatumwa maji? Habari za watu kufika mwezini mwaka 1969 zilimkuta ananyonyesha mtoto yupi? Kisha tafuta cheti chochote cha mwanawe mkubwa, uhesabu kurudi nyuma: alipomzaa alikuwa ameolewa misimu mingapi, na alipoolewa wenzake wa rika walikuwa wamefikia wapi? Ukipata "kati ya mwaka huu na huu", andika hivyo hivyo. Ni kweli zaidi kuliko tarehe ya kubuni.

Akirudia kisa kile kile, usimkatize kwamba ulishakisikia. Robert Butler, daktari wa akili wa Marekani, aliandika mwaka 1963 kuwa kuyapitia upya maisha yaliyopita ni jambo la kawaida la uzeeni, wala si dalili ya akili kuchoka. Sikiliza kilichoongezeka safari hii.

Nakusihi uwe mpole kwenye watoto aliowazika. Usiliulize hilo mbele ya watu. Akinyamaza, nyamaza naye. Siku mkiwa wawili tu huenda akawataja mwenyewe, nawe uyaandike majina yao pamoja na ya walio hai, kwa mpangilio wa kuzaliwa.

Suala la ardhi usiliruke, hata kama wajomba watakunja uso. Mwanamke anaweza kulima kipande kimoja maisha yake yote na jina lake lisionekane kwenye karatasi yoyote. Jambo hili ni zito kiasi kwamba mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake una kifungu kizima, cha 14, kuhusu wanawake wa vijijini, na ardhi imetajwa humo. Kama miguu inamruhusu, tembea naye mpakani, uchore anapokuonyesha: mti, jiwe, mfereji. Andika shamba alilipataje, nani alilima naye na nani analilima leo.

Mrekodi kwa simu akikubali, nusu saa asubuhi kabla hajachoka, na sauti hiyo itunzwe na ndugu zaidi ya mmoja. Maneno yake yaache yalivyo, usiyanyooshe kama insha ya shule. Ukimaliza, msomee yote kabla wajomba hawajayaona. Asichotaka kibaki, kitoe.