Shangazi, nyumba imepanda bei. Tuhame?

SWALI: Shikamoo shangazi. Miaka 7 iliyopita mimi na mume wangu tulinunua nyumba ya vyumba vitatu. Moja ya tano ya bei tulitoa mfukoni, iliyobaki tukakopa kwa miaka 20, riba asilimia 12 kwa mwaka. Hatujaruka rejesho hata mwezi mmoja. Sasa mama mkwe amehamia kwetu, magoti yanamsumbua, na vyumba vyote vya kulala viko ghorofani. Kuna nyumba kubwa tumeipenda, bei yake ni mara mbili ya ile tuliyolipa. Dalali anasema yetu imepanda kwa asilimia 44. Mume wangu anataka tukope kwa dhamana ya nyumba hii, tununue ile, na hii tuipangishe. Mimi usingizi hauji. Nina miaka 44. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kulipa miezi 84 bila kuruka hata mmoja si jambo dogo, na ndiyo sababu nimekaa na barua yako siku nzima nikiipigia hesabu.

Nitafuta sifuri zote ili hesabu ikae kichwani. Mkopo wenu nauita 100. Basi nyumba mliinunua kwa 125, na kama dalali amesema kweli, leo ni 180.

Deni je? Watu hudhani miaka 7 kati ya 20 ikipita, theluthi ya deni imeondoka. Sivyo. Kwa riba hiyo rejesho lenu ni 1.10 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, 1.00 ilimezwa na riba, ikabaki 0.10 tu ya kupunguza deni. Hadi leo mmelipa 92 na ushei, na bado mnadaiwa karibu 87. Inauma kuisoma, najua, lakini mkopo wa aina hii ndivyo ulivyo: miaka ya mwanzo unalisha riba, deni lenyewe huanza kushuka kwa kasi baadaye.

Toa 87 kwenye 180, inabaki 93. Hiyo ndiyo sehemu yenu ndani ya nyumba, na ndiyo mumeo anayoitazama. Ila tazama inavyosinyaa ukitaka kuishika mkononi. Mkiuza, kuna dalali, wakili, kodi, ada ya kufuta rehani, na wakopeshaji wengine hutoza adhabu ya kumaliza deni mapema. Tuseme vyote vinakula asilimia 8 ya bei. Mtabaki na 78 na ushei. Mkikopa badala ya kuuza, mkopeshaji hatakubali nyumba idaiwe mpaka ukingoni. Tuchukue kiwango cha asilimia 80 ya thamani, ambacho wengi hukitumia: hiyo ni 144. Ondoa deni la 87, mtapewa 57. Na thamani hiyo hataichukua kwa mdomo wa dalali. Atatuma mthamini wake, na mara nyingi mthamini huandika pia bei ya mauzo ya haraka, ambayo iko chini.

Sasa mpango wa mumeo. Nyumba mpya ni 250. Mnakopa 57, gharama za kununua zichukue 10, mnabaki na 47 za kutanguliza. Mkopo mpya ni 203. Marejesho kwa riba ileile na miaka 20: 1.10 ya zamani, 0.63 ya mkopo wa pili, 2.24 ya nyumba mpya. Jumla 3.97 kila mwezi. Leo mnalipa 1.10.

Mkiuza kwanza, 78 toa 10 za gharama za kununua, mnatanguliza 68, mnakopa 182, rejesho ni 2.00. Kwa hiyo ili kuwa na nyumba mbili kusiwagharimu zaidi ya kuuza, kodi ya mpangaji inapaswa kuingiza 1.97 kila mwezi, ukishatoa ukarabati na miezi ambayo nyumba iko tupu. Zidisha kwa 12: ni asilimia 13 ya thamani ya nyumba kwa mwaka. Waulize majirani wanaopangisha nyumba kama yenu wanapata kiasi gani. Nitashangaa sana mkifika hapo.

Mumeo nisemee nini? Hakosei kutamani kodi ya nyumba uzeeni. Lakini nyumba zote mbili zitakuwa rehani, na mmoja wenu akipoteza kazi hakuna ya kukimbilia. Riba ikiruhusiwa kubadilika, ikapanda kutoka 12 hadi 15, ule mkopo wa 182 peke yake unatoka 2.00 kwenda 2.40. Na umri: miaka 20 kuanzia leo inakufikisha 64. Wakopeshaji wengi wanataka deni liishe kabla ya kustaafu, kwa hiyo huenda wakawapa miaka pungufu ya hiyo 20, na rejesho likapanda tena.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Mimi nilinunua nyumba ya pili kabla ya kuuza ya kwanza, kwa sababu mnunuzi alikuwa ameshanipa mkono. Akajitoa. Miezi 9 nililipa marejesho mawili, nikaanza kukopa ya chakula, na mwisho nikauza kwa bei aliyoitaka mtu aliyejua nimebanwa. Sehemu yangu niliyoijenga miaka mingi iliisha kwenye ile haraka. Ndiyo maana nakuomba: mkiamua kuhama, uzeni kwanza, pangeni kwa muda, kisha nunueni.

Lakini ngoja, mwanangu. Barua yako inasema nini hasa? Inasema mama mkwe hawezi kupanda ngazi. Chumba kimoja na choo pale chini, kama kiwanja kina nafasi na vibali vinapatikana, huenda kikagharimu 30. Mkopo huo kwa miaka 20 ni 0.33 kwa mwezi. Jumla 1.43, na mama analala vizuri hata kabla ya dalali kupata mteja. Mimi ningeanzia hapo. Mwite fundi anayeaminika akupe makadirio kwa maandishi, na umwombe mkopeshaji wako barua ya salio la kumaliza mkopo yenye tarehe, iwe na adhabu zote ndani. Kisha kaeni wawili mezani, karatasi hizo mbele yenu. Na usitie sahihi ya rehani yoyote usingizi ukiwa bado hauji. Katika nchi nyingi nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo neno lako lina uzito.

SWALI: Nina miaka 67, mke wangu ametangulia mbele ya haki. Nyumba yangu haina deni ila ni kubwa mno kwangu. Mwanangu anataka niiweke rehani apate mtaji wa biashara. Nahofia kumkatalia.

JIBU: Pole kwa msiba, kaka. Mkatalie rehani, usimkatalie msaada. Biashara ikiyumba, mkopeshaji atakuja kwako, na wewe huna mshahara wa kulipia. Uza, nunua ndogo kwa fedha taslimu karibu na hospitali na watu wako, tenga ya matibabu na matumizi ya miaka mingi. Kikibaki kitu, mpe mwanao kiasi ambacho hata kikipotea chote bado utakula na kulala kwako. Na hati ya nyumba hiyo ndogo ibaki kwa jina lako.