Andre the Giant dhidi ya Brock Lesnar: nampa Andre

Wanamieleka hawa wawili wa maonyesho wangekutana ulingoni, nani angeshinda? Andre, kama ni yule wa miaka ya 1970 kabla mgongo haujaanza kumsumbua. Mieleka hii ya maonyesho matokeo hupangwa kabla kengele haijalia, kwa hiyo usipime misuli, pima ni nani promota hataki aonekane kalala chali. Andre ndiye alikuwa huyo. Jina lake lilijaza kumbi, na kumwangusha kuliwekwa akiba. Ndiyo maana mwanamieleka Hulk Hogan alipombeba na kumbwaga kwenye WrestleMania III, onyesho kubwa la mieleka hiyo, mwaka 1987, watu wanalisimulia mpaka leo.

Lesnar si wa kubezwa, ndiye aliyepewa kuvunja rekodi ya mwanamieleka Undertaker ya ushindi 21 mfululizo pale WrestleMania mwaka 2014. Lakini 2016 huyohuyo akalazwa na mwanamieleka mwenzake Goldberg ndani ya dakika moja na sekunde 26! Hadithi ilitaka hivyo, basi.

Ila wakipigana kweli, bila kupangiwa, nageuza kura: Lesnar alikuwa bingwa wa mieleka ya vyuo Marekani mwaka 2000, akabeba mkanda wa uzito wa juu wa UFC, shirika la mapigano halisi yasiyopangwa, mwaka 2008. Andre angekata pumzi mapema.