Bibi na wajukuu Ngorongoro

SWALI: Shikamoo dada. Tunataka kushuka kreta na watoto na mama mkwe, miaka 68. Mgongo wake utavumilia?
Mama Wawili, Karatu

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Atavumilia, ila akae mbele, pembeni ya dereva. Viti vya nyuma kabisa ndivyo vinavyorusha watu. Mimi nilimkalisha mama yangu huko, na bado naumia nikikumbuka alivyoshika kiuno mteremko mzima, takriban mita 600 kwenda chini. Mwombeni dereva aende taratibu. Ukingoni asubuhi ni baridi kali, bebeni blanketi. Ngoitokitok, penye bwawa ambapo wageni husimama kula mchana, leni ndani ya gari, maana mwewe hunyakua paja la kuku mkononi mwa mtoto. Na waambieni wanao mapema: twiga hawamo kretani.