Fundi Ajibu: Pikipiki Inazima Njiani, Ikipoa Inawaka

SWALI: Habari fundi. Mimi niko Ahero, nabeba abiria, na siku zingine magunia ya mchele mpaka Kisumu mjini. Pikipiki yangu ni ya 2011, 150cc, ya kabureta, niliinunua ikiwa imepita mikononi mwa watu wawili. Sasa naenda vizuri tu, mara dashibodi yote inazima, honi hakuna, injini imekufa, nikirusha usukani kushoto kulia stima inarudi. Halafu kuna siku injini inakufa peke yake na taa zinawaka kabisa, hasa jua likiwa kali na nimebeba mzigo, nakaa chini ya mti dakika 20 inawaka kiki moja. Nimebadilisha betri, CDI (kile kisanduku kinachorusha moto wa plagi) mara mbili, plagi sijui ngapi, na sasa naambiwa ninunue waringi yote. Nifanye nini?

JIBU: Omera, CDI ya tatu usinunue, na hiyo waringi ngoja kwanza. Barua yako nimeisoma mara mbili na naona umenieleza shida mbili ukidhani ni moja, na hapo ndipo pesa yako imepotelea, juu ukitibu moja nyingine inabaki unasema spea ilikuwa feki.

Tuanze na ile ya kila kitu kufa pamoja. Taa, honi na injini haziwezi kuharibika sekunde moja zote halafu zipone sekunde moja. Stima inakatika kabla haijagawanyika, na njia hapo ni fupi: terminali za betri, kishikio cha fyuzi, swichi ya funguo, na zile waya zinazopita shingoni kwa usukani. (Nimechukulia CDI yako inakula stima ya betri, juu kwa zile za zamani ambazo CDI inalishwa na magneto (jenereta ndogo ya injini) moja kwa moja, betri ikikatika injini inaendelea tu.) Na wewe mwenyewe umeniambia mahali penyewe, umesema ukirusha usukani inarudi.

Fanya hivi jioni ukiwa umepaki. Washa funguo bila kuwasha injini, washa indiketa, halafu zungusha usukani polepole mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, ukiangalia taa. Zikitulia, tikisa funguo ikiwa ndani ya swichi, tikisa fyuzi, halafu toa tangi ushike lile furushi la waya uende nalo kidogo kidogo ukilikunja kwa vidole. Usiharakishe, taa ikipepesa simama hapo hapo.

Kuna moja ililetwa hapa kwangu na shida kama yako, teipu ya shingoni ilikuwa mpya inang'aa, mtu angeapa pako sawa. Nilipoikata, waya mnene wa kutoka swichi ya funguo plastiki yake ilikuwa nzima kabisa, lakini nikiukunja kila mahali ulikuwa mgumu, isipokuwa kama sentimita mbili hivi ulikuwa unalegea kama uzi. Nikauvuta, plastiki ikanyooka kama mpira wa manati. Shaba ndani ilikuwa imekatika zamani, imebaki unga wa kijani na nyuzi mbili tatu zikigusana wakati zinataka. Usiutafute kwa macho, huo unapatikana kwa vidole.

Ukiupata, kata ile sehemu mbovu yote mpaka uone shaba safi, weka kipande cha waya wa unene ule ule, chomelea kwa risasi, vika mrija wa plastiki unaosinyaa ukipashwa joto, na uache ulegevu kidogo ndio usukani ukigeuka waya usivutike. Kusokota na teipu peke yake haikai, mtetemo wa injini na barabara zetu utaifungua tena.

Kama una mita, iweke kwa volti 20 za DC, washa funguo na taa, ncha moja kwa chanya ya betri, nyingine kwa ule waya wa chanya unaoingia CDI. Ikisoma zaidi ya nusu volti ujue kuna mahali njiani stima inapotea. Na waya wa ethi unaofungwa kwa bodi uutoe, ukwangue kutu na rangi, urudishe ukiwa umekazwa.

Sasa ile ya pili, ya injini kufa peke yake. Hapa zile dakika 20 chini ya mti ndizo zinakudanganya, juu karibu kila ugonjwa wa joto unapona ukipumzika. Koili ya plagi (inayokuza stima iwe moto) ikipoa inarudisha moto, tangi iliyoziba inavuta hewa pole pole, valvu inafunga tena. Ndio maana ukibadilisha CDI inakaa siku mbili vizuri, ilipoa tu ikifunguliwa. Lazima uishike ikiwa bado imekufa, dakika ya kwanza kabisa.

Kwa hivyo tembea na plagi nzima moja mfukoni. Ikizima, ingia kando, kwanza fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia fsss na sasa inawaka, shida yako ni katundu ka hewa ka kifuniko, kameziba, ukasafishe na umemaliza, hiyo ni kazi ya bure. Kama siyo, rudisha kifuniko ufunge sana, toa kofia ya plagi, ivike hiyo plagi ya mfukoni, ilaze kwa chuma cha injini mbali na kabureta, usiishike na mkono, piga kiki. Moto wa bluu unaolia ta ta ta, basi angalia petroli, legeza ile skrubu ya chini ya kabureta uone kama bakuli lina mafuta. Moto hakuna au ni kanjano kadhaifu, basi ni palsa (kikoili cha kando ya magneto kinachoiambia CDI lini irushe moto), au koili ya plagi, au waya mmoja. Pima palsa kwa ohmu asubuhi ikiwa baridi uandike, halafu pima tena hapo hapo inapozima. Ikikataa kusoma ikiwa moto na ikipoa inasoma, mwizi ndiye huyo. Na ule waya wa swichi nyekundu ya kuzima usiusahau, nao unapita shingoni, na kwa pikipiki nyingi ukichubuka ukagusa bodi moto unakufa taa zikiwaka.

Kama moto upo na petroli ipo, sikiliza mguu wako. Kiki ikiwa nyepesi ikiwa moto na nzito ikiwa baridi, valvu zimebana, zirekebishwe injini ikiwa baridi kabisa kwa kipimo cha kitabu chake.

SWALI: Mimi ni wa Njoro. Betri haimalizi miezi 4, maji yake yanaisha haraka, na usiku nikivuta mafuta taa inakuwa kali halafu bulbu inaungua.

JIBU: Ndugu, betri yako inapikwa. Washa injini, weka mita kwa betri, vuta mafuta kiasi. Yenye afya inakaa kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikipita 15, angalia kwanza waya wa ethi wa regyuleta (kifaa kinachozuia stima ya kuchaji isipande sana) na soketi yake kama imeungua ikawa kahawia, safisha, pima tena. Bado inapanda? Badilisha regyuleta kabla ya kununua betri nyingine, la sivyo hiyo mpya nayo itakufa. Na tafadhali, usitoe terminali ya betri injini ikinguruma kuangalia kama inachaji, naona watu wanafanya hivyo kila siku, stima inaruka juu na inaua CDI na bulbu zote.

SWALI: Kakamega mvua ya saa tisa ikianza tu pikipiki inakata kata. Jua likiwaka iko sawa.

JIBU: Dada, subiri usiku. Ipaki mahali penye giza kabisa na hewa inapita, iwashe, halafu nyunyizia maji kidogo kidogo kwa kofia ya plagi na waya wake ukitumia ile chupa ya kunyunyizia nywele. Ukiona vijimoto vya bluu vikitambaa nje vikirukia chuma, umeona stima yako inakoenda. Zima injini, fungua kofia kwa kuizungusha, kata waya kama milimita 5 mpaka shaba safi, vika kofia mpya yenye mpira mzima pande zote mbili. Kama vijimoto vinatoka katikati ya waya wenyewe, badilisha waya au koili yote, hapo teipu haiwezi kuzuia.